Rebmann: Theluji aliiona, giza likamkuta Rabai

JINA la Johannes Rebmann hutajwa shuleni kwa ajili ya siku moja tu, Mei 11, 1848, alipouona mlima Kilimanjaro ukiwa na theluji kileleni. Ni wachache wanaoikumbuka miaka 27 iliyofuata, ambapo mmishenari huyo aliishi Rabai, katika Kaunti ya Kilifi ya leo, huku misiba na maradhi vikimbadilisha hulka hatua kwa hatua.

Rebmann alizaliwa Januari 16, 1820 mjini Gerlingen, Ujerumani. Aliwasili pwani mwaka wa 1846 kumsaidia Johann Ludwig Krapf. Habari za theluji zilipofika Uingereza, mwanajiografia William Desborough Cooley alizikataa na kuzikejeli.

Mwaka wa 1851 alimwoa Emma. Mtoto wao alifariki muda mfupi baada ya kuzaliwa. Krapf naye, akiandamwa na maradhi, aliondoka mwaka wa 1853. Mwaka wa 1866 Emma alizikwa Rabai, na Rebmann akabaki peke yake.

Kisha macho yakaanza kufifia. Mtu aliyewahi kutembea kwa miguu hadi Uchagani sasa alijitenga na watu, akijishughulisha na kamusi zake. Sir Bartle Frere alipozuru pwani mwaka wa 1873, alimkuta karibu kipofu, wala hataki kuondoka. Wamishenari wageni walimwona mzee mkaidi, asiyeelewana na mtu.

Hakuna awezaye kumpima marehemu. Hata hivyo, tiba ya leo inafahamu kwamba anayepoteza uoni, sawa na anayepoozwa na kiharusi, anaweza kuandamwa na huzuni kwa miaka mingi. Huzuni hiyo haiji na machozi kila mara. Huweza kuja kwa hasira, kimya au kujitenga, na jamaa wakaidhani ni kiburi.

Aliyemfaa Rebmann hakuwa hakimu wa tabia zake. Mwaka wa 1875 Isaac Nyondo, mwumini wa Rabai, alimshika mkono na kumwongoza safarini hadi Ulaya. Rebmann alifariki Oktoba 4, 1876 huko Korntal, karibu na makazi ya rafiki yake Krapf. Kamusi yake ya Kinyasa, aliyoandika kwa msaada wa Salimini, mtu aliyeletwa pwani utumwani, ilichapishwa mwaka uliofuata, chini ya uhariri wa Krapf.