Fred Rwigema: Kutoka makazi ya Nshungerezi hadi makaburi ya mashujaa Remera

Ukifika Remera, jijini Kigali, karibu na Uwanja wa Amahoro, utakuta makaburi ya mashujaa wa taifa la Rwanda. Kila tarehe 1 Februari viongozi huweka mashada ya maua hapo. Mmoja wa waliolazwa mahali hapo ni Meja Jenerali Fred Gisa Rwigema. Wengi wanajua jina lake na cheo chake. Wachache wanakumbuka kwamba karibu maisha yake yote aliishi kama mkimbizi.

Utoto ukimbizini

Alizaliwa tarehe 10 Aprili 1957 huko Gitarama, akaitwa Emmanuel Gisa. Machafuko yaliyoanza mwaka 1959 yalifanya familia nyingi za Watutsi zikimbie Rwanda. Familia yake nayo ilivuka mpaka kuingia Uganda akiwa bado mtoto mdogo. Walifikia makazi ya wakimbizi ya Nshungerezi, katika eneo la Ankole. Huko ndiko alikokulia, akasoma, na baadaye akajiunga na shule ya sekondari ya Mbarara.

Mwaka 1976, akiwa kijana wa miaka 19, aliacha masomo na kujiunga na kundi la FRONASA lililoongozwa na Yoweri Museveni, lililokuwa likipinga utawala wa Idi Amin. Alipata mafunzo ya kijeshi Msumbiji. Ndipo alipoanza kutumia jina la Fred Rwigema. Mwaka 1979 alikuwa miongoni mwa wapiganaji wa Uganda walioingia nchini pamoja na jeshi la Tanzania na kumwondoa Amin.

Vita vya msituni

Uchaguzi wa Desemba 1980 ulimrudisha Milton Obote madarakani, lakini wapinzani wake walikataa matokeo. Tarehe 6 Februari 1981 kikundi kidogo cha Museveni, kikiwa na bunduki 27, kilishambulia chuo cha kijeshi cha Kabamba. Rwigema alikuwemo, pamoja na mkimbizi mwenzake, Paul Kagame. Hapo ndipo vilipoanza vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyodumu miaka mitano.

Wakimbizi wa Rwanda walilipa gharama ya vita hivyo hata wale ambao hawakushika silaha. Mwaka 1982 familia nyingi zenye asili ya Rwanda zilifukuzwa katika nyumba zao huko Ankole, mifugo yao ikachukuliwa. Baadhi walikimbilia mpaka wa Rwanda, lakini Rwanda ikaufunga, wakakwama bila nchi ya kuwapokea. Baada ya hapo vijana wengi wakaingia msituni. Jeshi la NRA lilipoiteka Kampala Januari 1986, inakadiriwa kwamba kati ya wapiganaji wake wapatao 14,000, karibu 3,000 walikuwa Wanyarwanda.

Baada ya ushindi

Rwigema alipanda hadi cheo cha Meja Jenerali. Akawa naibu kamanda wa jeshi, kisha naibu waziri wa ulinzi. Alipigana pia kaskazini mwa Uganda dhidi ya waasi. Askari walimpenda kwa sababu hakujitenga nao, na alisifika kwa upole wake.

Hata hivyo manung'uniko yalianza. Baadhi ya Waganda waliuliza kwa nini mgeni ashike nafasi kubwa namna hiyo. Mwaka 1989 aliondolewa katika wadhifa wa naibu waziri. Mtu aliyepigania Uganda tangu ujana wake alibaki kuhesabiwa mgeni. Kwa upande wa pili, serikali ya Rais Juvénal Habyarimana ilikuwa imesema mwaka 1986 kwamba ardhi ya Rwanda haitoshi kuwapokea wakimbizi wote. Huku hatakiwi, na kule hana nafasi.

Tangu Desemba 1987 wakimbizi walikuwa wameunda chama cha RPF, na Rwigema akawa kiongozi wa mpango wake wa kijeshi. Tarehe 1 Oktoba 1990 aliongoza wapiganaji kuvuka mpaka wa Kagitumba. Siku iliyofuata, tarehe 2 Oktoba, aliuawa. Alikuwa na miaka 33, akaacha mjane na watoto wawili. Kwa masimulizi rasmi, alipigwa risasi akiwa uwanja wa vita. Wapo wanaosimulia tofauti. Kagame, aliyekuwa masomoni Marekani, alirudi kuongoza jeshi hilo.

Yaliyofuata

Mkataba wa amani ulitiwa saini Arusha tarehe 4 Agosti 1993, na ulikubali haki ya wakimbizi kurudi. Lakini Aprili 1994 yalianza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Kwa hesabu ya serikali ya Rwanda, waliouawa ni zaidi ya watu milioni 1. RPF iliiteka Kigali tarehe 4 Julai 1994. Wakimbizi wa mwaka 1959 na watoto wao walianza kurejea kwa wingi, na wakati huohuo takriban Wanyarwanda milioni 2 wengine walivuka mipaka kwenda Zaire, Tanzania na Burundi. Wengine walipokuwa wakifungua mizigo, wengine walikuwa wakiifunga.

Leo Rwigema yumo katika ngazi ya Imanzi, iliyo ya juu kabisa kati ya mashujaa wa Rwanda, pamoja na Askari Asiyejulikana.

Kwa sisi tunaoishi makazini, na kwa majirani wenyeji wanaotupokea, maisha yake yanaonyesha jambo moja wazi. Swali la mkimbizi halifi kwa kuahirishwa. Watoto waliofika Nshungerezi wakiwa wamebebwa mgongoni walisubiri jibu kwa miaka 30. Laiti lingepatikana mezani mapema, huenda vijana wengi wangezeeka wakiwa hai.