Fahrenheit, yatima aliyepima baridi kwa chumvi na barafu

Daniel Gabriel Fahrenheit alizaliwa tarehe 24 Mei 1686 katika Gdańsk, mji wa bandari ulio leo katika inchi ya Poland. Mwaka 1701, yeye akiwa na miaka 15, baba na mama walikula uyoga wa sumu, wakakufa siku moja. Haut-Lomami, ambako watu wanaokota uyoga kila majira ya mvua, msiba wa namna hiyo unaeleweka bila kufasiriwa.

Walezi walimtuma Amsterdam kujifunza biashara. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye vyombo vya kupimia, na akaingia madeni juu ya kazi hiyo. Mwaka 1707 waliomba akamatwe, atumwe mbali na meli za Wahollandi. Akazunguka miji ya Ulaya. Mwaka 1708 akakutana na Ole Rømer wa Copenhagen, mtaalamu wa nyota, akaona namna anavyopima joto.

Wakati ule kila termometa ilisema yake. Fahrenheit alitaka zote ziseme kitu kimoja, na akatumia zebaki pahali pa pombe. Lakini namba zianzie wapi?

Hapo chumvi ikaingia. Alichanganya barafu, maji na chumvi. Chumvi ikiisha kuyeyuka, inazuia maji kuganda. Basi barafu inaendelea kuyeyuka, na ili iyeyuke inanyang'anya joto la vitu vya karibu. Mchanganyiko unakuwa baridi kupita barafu tupu. Pale akaweka 0. Barafu na maji bila chumvi: 32. Mwili wa mtu mzima wa afya: 96. Alitangaza hayo mwaka 1724, akapokelewa katika Royal Society ya London.

Sifuri yake ni karibu −18 ya Celsius, kipimo kinachotumiwa Kongo. Kwa kanuni ile ile, Ulaya wanamwaga chumvi barabarani: barafu yenye kutelezesha inayeyuka, na magurudumu yanashika tena lami. Baridi ikipita −21, chumvi ya jikoni haisaidie tena.

Alikufa La Haye tarehe 16 Septemba 1736, na miaka 50, akazikwa kama maskini. Leo, muganga wa Kamina akisoma 39 kwenye termometa ya mtoto mwenye homa, yule wa Lubumbashi naye atasoma 39. Ndiyo kazi aliyoiacha yule yatima.