Nikola Tesla: Mtu Aliyeizungusha Sumaku

Nikola Tesla alizaliwa tarehe 10 Julai, 1856, katika kijiji cha Smiljan, ambacho leo kimo katika nchi ya Kroatia. Zama hizo eneo hilo lilikuwa mpaka wa milki ya Austria uliotawaliwa kijeshi. Baba yake alikuwa padri wa Kanisa la Kiorthodoksi la Waserbia, na alitaka mwanawe amfuate katika kazi hiyo. Kijana akachagua uhandisi.

Mota za siku zile zilitegemea brashi za kupitisha umeme, zilizotoa cheche na kulika upesi. Mwaka 1882, akiwa Budapest, Tesla alitambua kwamba mizingo miwili ya waya ikipewa umeme kwa zamu, mmoja ukipata nguvu wakati mwingine unapopungukiwa, nguvu ya sumaku itazunguka yenyewe na kuuvuta mhimili pasipo brashi.

Mwaka 1884 alivuka bahari hadi New York, akafanya kazi kwa Edison kwa miezi michache tu. Baadaye ufukara ulimbana hata akachimba mitaro ili apate riziki. Hata hivyo hakuiacha hoja yake. Mwezi Mei, 1888 alipewa hataza za mota yake, na George Westinghouse akainunua haki ya kuzitumia. Mwaka 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara uliufikia mji wa Buffalo kwa mfumo wa mkondo geu.

Kwa askari, tendo lake la mwaka 1898 lastahili kukumbukwa. Mjini New York alionyesha mashua ndogo isiyo na nahodha, iliyotii amri za mawimbi ya redio. Kila ishara ilisogeza swichi hatua moja, na swichi ikageuza usukani. Alitumaini kwamba Jeshi la Maji la Marekani lingeitumia, lakini halikuvutiwa.

Leo mota za hatua huzungusha mitambo mingi midogo. Aina iliyo ya kawaida hukamilisha mzunguko mmoja kwa hatua 200. Chipu huipokea amri na kuigawia mizingo umeme kwa zamu, mithili ya sajini anayehesabu hatua za gwaride. Fundi akiikosea zamu, mota hutetemeka mahali pamoja. Akizidisha umeme, mizingo huungua.

Tesla alifariki tarehe 7 Januari, 1943, katika chumba cha hoteli mjini New York, akiwa peke yake na mwenye madeni. Mwaka 1960 wanasayansi wa dunia walikipa jina lake kipimo cha nguvu ya sumaku. Ndugu askari, mtu huyu hakuacha mali wala watoto. Aliacha kazi iliyofanywa kwa utaratibu na uvumilivu, nayo ingali inazunguka.