Odera Oruka na Wenye Hekima Wasio na Vitabu

Barabara ipitayo Otonglo, nje kidogo ya Kisumu, huendelea hadi Maseno na Yala, ikaelekea pande za Ugenya alikozaliwa Henry Odera Oruka mwaka 1944. Alisoma St. Mary's, Yala, kisha akenda Uppsala, Uswidi, kutafuta elimu ya sayansi, na huko akatekwa na falsafa. Baada ya kusoma Marekani pia, alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970.

Siku hizo wasomi wengi walishikilia kuwa mwanafalsafa ni mwenye kitabu. Asiyepigwa chapa hakuhesabiwa. Marehemu alikataa. Sokrati wa Ugiriki hakuacha hata karatasi moja, na nani amnyimaye jina hilo? Sisi wa Pwani twalijua jambo hili: Muyaka wa Mombasa alikuwa malenga tangu mashairi yake yangali vinywani mwa watu, kabla Mwalimu Sikujua hajayakusanya.

Basi kuanzia mwaka 1974 Oruka na wenzake wakaingia vijijini kuwahoji wazee. Msidhani kila mwenye mvi alipita. Mzee aliyerudia tu maneno ya wahenga aliwekwa fungu la wajuzi wa mila. Aliyeulizwa kwa nini, akathubutu hata kuipinga mila yake kwa hoja, huyo ndiye aliyeitwa mwanafalsafa. Mzee Paul Mbuya Akoko, Mjaluo, alikataa kuwa kila kabila lina Mungu wake. Miungu ingekuwa mingi, alitoa hoja, ulimwengu usingekuwa na mpango huu tuuonao. Oruka alimtia hata baba yake mzazi, Oruka Rang'inya, na hapo wenye ndimi walipata la kusema.

Peter Bodunrin wa Nigeria alileta shaka nzito zaidi: fikira hizo ni za mzee, au za profesa aliyemchokoza kwa maswali? Wafuasi wa Oruka hujibu kuwa mkunga si mzazi. Ni kweli, lakini mkunga hachagui kiungo gani cha mtoto kionekane. Mwandishi huchagua neno la kuweka na la kuacha.

Kitabu chake, Sage Philosophy, kilitoka Leiden, Uholanzi, mwaka 1990. Mbuya na Rang'inya walikuwa wamekwisha kufa. Oruka mwenyewe aligongwa na gari jijini Nairobi, Desemba 1995, akiwa na miaka 51.