Mtakatifu Fransisko Ksaveri na Wenzake Katika Nchi ya Japani

Wakristo wa pwani hupenda kukumbuka ya kuwa Mtakatifu Fransisko Ksaveri aliwahi kukanyaga mchanga wa Malindi. Ilikuwa mwaka 1542, merikebu yake ikitoka Msumbiji kwenda Goa. Huko alizungumza na mzee mmoja Mwislamu, aliyehuzunika kwa kuwa katika misikiti 17 ya mji ule, mitatu tu ndiyo iliyosaliwa. Lakini katika kitabu hiki cha jubilei tumependa kusimulia safari yake ya Japani, kwa kuwa humo twamwona katikati ya rafiki zake, nao mara nyingi husahauliwa.

Alizaliwa mwaka 1506 katika ngome ya Javier, nchi ya Navarre. Alipokuwa akisoma Paris alipata urafiki wa Ignasi wa Loyola, na tarehe 15 Agosti 1534 wao na wenzao wakaweka nadhiri pamoja. Miaka saba baadaye akasafiri kwenda Bara Hindi.

Hata mwaka 1547, alipokuwa Malaka, alijiwa na Mjapani jina lake Anjirō, mtu aliyekimbia kwao kwa kuwa ameua mtu, na moyo wake haukutulia. Akabatizwa Goa, akaitwa Paulo. Basi mwaka 1549 wakaondoka: Fransisko, Padre Cosme de Torres, Bruda Juan Fernández, Paulo na Wajapani wenzake wawili, na watumishi wawili, mmoja Mhindi, mmoja Mchina. Walipanda jahazi la Mchina aliyejulikana kuwa haramia, maana hawakupata jingine. Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, wakafika Kagoshima, mji wa Paulo.

Walimu wetu watafahamu upesi taabu iliyowapata. Fransisko hakuijua lugha. Paulo ndiye aliyetafsiri mafundisho, naye hakuwa mtu wa elimu. Nao wakaandika maneno yale kwa herufi za Kilatini, ili Fransisko ayasome mbele ya watu. Wengine walisikiliza, wengine walicheka. Kwa muda wa mwaka mmoja wakabatizwa watu kama mia, ndipo mtawala akakataza watu wake wasibatizwe tena.

Fransisko akamwacha Paulo awatunze Wakristo wale, naye Padre Torres akakaa Hirado. Yeye, pamoja na Fernández na kijana Bernardo, Mkristo wa Kagoshima, wakashika njia ya Miyako, mji wa mfalme mkuu, unaoitwa leo Kyoto. Ilikuwa majira ya baridi. Walikwenda kwa miguu katika theluji, watoto wakiwatupia mawe. Na sehemu ya mwisho ya njia walikimbia nyuma ya farasi wa bwana mmoja, wapate kinga dhidi ya wanyang'anyi. Januari 1551 wakafika, wakakuta mji umeharibiwa na vita, na mfalme hana nguvu. Wala hawakupokewa, kwa kuwa hawakuwa na zawadi mkononi. Baada ya siku 11 wakarudi.

Hapo ndipo tuonapo akili ya mtu huyu. Alikuwa amedhani nguo za kimaskini zitawavuta watu. Kumbe ziliwafungia milango. Basi akavaa hariri, akaenda Yamaguchi kwa mtawala Ōuchi Yoshitaka na saa, kinanda, miwani na bunduki. Mtawala akampa ruhusa ya kuhubiri na nyumba tupu ya watawa wa Kibuddha.

Lakini huko likagunduliwa kosa kubwa. Paulo alikuwa amemtaja Mungu kwa jina la Dainichi, nao watawa wa Shingon walifurahi, wakidhani wageni wanahubiri dini ile ile yao. Fransisko alipowauliza habari za Utatu Mtakatifu, wakacheka. Akatambua ya kuwa miaka miwili amekuwa akiwaita watu kumwabudu asiye Mungu. Hakuficha. Alimtuma Fernández njiani kuwaambia watu wasimwombe Dainichi, na tangu hapo wakatumia neno la Kilatini, Deus. Sisi tulio na neno Mungu tangu zamani hatuwezi kupima vema uchungu wa siku ile. Hata hivyo wakabatizwa watu kama 500, na mmoja wao alikuwa mpiga kinanda wa njiani, karibu kipofu, aliyeitwa Lourenço.

Novemba 1551 Fransisko akaondoka. Tarehe 3 Desemba 1552 alikufa katika kisiwa cha Shangchuan, akiitazama pwani ya China asiyoifikia, Mchina mmoja, Antonio, akiwa kando yake. Bernardo alifika hata Roma, akafa Coimbra mwaka 1557. Fernández, aliyeijua lugha kuliko wote, alifariki Hirado mwaka 1567. Padre Torres akadumu Japani hata mwaka 1570. Naye Lourenço akawa bruda, akaendelea kuhubiri katika miji ya Japani, akiongozwa kwa mkono, miaka mingi baada ya wote hao.