Kwame Nkrumah na Mgomo wa Januari 1950

Mtahiniwa, ukiulizwa kuhusu Kwame Nkrumah kalamu yako itakimbilia 6 Machi 1957, siku ambayo Gold Coast ilipata uhuru na kuitwa Ghana. Tarehe ni sahihi, lakini peke yake haikupi hoja. Hoja ziko miaka saba nyuma, Januari 1950, katika mgomo ambao Waingereza waliuvunja ndani ya wiki chache tu.

Nkrumah alizaliwa mwaka 1909 kijijini Nkroful. Alisomea ualimu Achimota, kisha mwaka 1935 akaenda Marekani, Chuo Kikuu cha Lincoln. Mwaka 1945 alihamia London, na Oktoba alikuwa miongoni mwa walioandaa Mkutano wa Tano wa Umajumui wa Afrika mjini Manchester, ambako Jomo Kenyatta naye alikuwepo. Desemba 1947 alirudi nyumbani kuwa katibu mkuu wa chama cha UGCC, chama cha wanasheria na wafanyabiashara kikiongozwa na watu kama J. B. Danquah. Jina hilo la Danquah lishike, tutalihitaji mwishoni.

Hapa ndipo watahiniwa wengi huchanganya mambo. Matukio ya Februari 1948 hayakuwa mgomo wa Nkrumah. Januari mwaka huo chifu mmoja, Nii Kwabena Bonne, alianzisha mgomo wa kususia bidhaa za maduka ya Wazungu kwa sababu ya bei kubwa. Wakulima nao walikuwa na hasira kwa sababu serikali ilikuwa ikikata mikakao yao yenye ugonjwa. Tarehe 28 Februari askari wastaafu, wengine waliopigana Burma, waliandamana Accra kupeleka malalamiko yao kwa gavana. Polisi wakafyatua risasi na kuua watatu. Fujo zikalipuka, maduka yakachomwa, na viongozi sita wa UGCC, Nkrumah na Danquah wakiwemo, wakakamatwa. Ukiyaita matukio hayo kampeni ya amani, utapoteza alama.

Wakuu wa UGCC walitaka kujitawala kuje polepole. Nkrumah alitaka kuje mara moja. Juni 1949 akaanzisha chama chake, Convention People's Party, kwa kifupi CPP. Wanachama wake walikuwa wanawake wa sokoni, makarani, madereva, vijana waliomaliza shule ya msingi na kukosa kazi. Mwaka huo huo alieleza mpango wake, Positive Action, alioujenga juu ya mfano wa Gandhi kule India: kwanza magazeti, mikutano na elimu kwa umma, hayo yakishindikana, migomo, kususia na kutoshirikiana na serikali, bila kumwaga damu. Angalia mpangilio huo vizuri. Mgomo ulikuwa silaha ya mwisho.

Kamati ya Coussey ilipopendekeza katiba isiyotoa kujitawala kamili, CPP ilidai bunge la kutunga katiba mpya. Serikali ilikataa. Tarehe 8 Januari 1950 Nkrumah alitangaza Positive Action, wakati vyama vya wafanyakazi navyo vikiitisha mgomo wao. Gavana Arden-Clarke akatangaza hali ya hatari. Viongozi walikamatwa mmoja mmoja, na polisi wawili Waafrika waliuawa Accra, jambo ambalo Nkrumah hakulitaka kabisa. Mgomo ukafa. Yeye mwenyewe akahukumiwa kifungo cha jumla ya miaka mitatu na kupelekwa gereza la James Fort.

Sasa jiulize: mgomo ulioshindwa uliletaje ushindi? Jibu ni matawi. Nje ya gereza Komla Gbedemah aliendelea kukijenga chama kijiji kwa kijiji, na Nkrumah alimpelekea maagizo kwa siri, mengine ameyaandika kwenye karatasi za chooni. Wafungwa waliotoka walivaa kofia zenye herufi PG, yaani wahitimu wa gerezani, na watu wakawapokea kama mashujaa. Kile ambacho serikali ilidhani ni aibu kikawa cheo. Katika uchaguzi wa 8 Februari 1951 CPP ilipata viti 34 kati ya 38 vilivyogombaniwa kwa kura za wananchi. Nkrumah, akiwa bado kifungoni, alipata kura 22,780 kati ya 23,122 mjini Accra. Siku nne baadaye gavana yule yule alimfungulia na kumkabidhi uongozi wa shughuli za serikali.

Swali likikutaka utathmini, usimwandikie Nkrumah sifa tupu. Mwaka 1958 serikali yake ilipitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini hadi miaka mitano bila kesi. Mwaka 1961 wafanyakazi wa reli na bandari wa Sekondi-Takoradi waligoma, na viongozi wao wakawekwa kizuizini, na aliyetia amri hiyo ni mtu aliyeingia madarakani kwa njia ya mgomo. Danquah, aliyekuwa miongoni mwa waliomwita nyumbani, alifia gereza la Nsawam Februari 1965 chini ya sheria hiyo. Mwaka uliofuata jeshi lilimpindua Nkrumah akiwa safarini Asia. Aliishi uhamishoni Guinea, akafariki Bucharest tarehe 27 Aprili 1972.