James Joule: Mtengeneza bia aliyefichua siri ya joto la umeme

Kwenye nchi za baridi kama Uingereza, kuna nyumba ambazo mtu anaingia jikoni alfajiri akiwa pekupeku, anakanyaga sakafu ya mbao, na hasikii baridi kabisa. Moto huuoni. Chini ya zile mbao umetandazwa waya mwembamba, umeme unapita, waya unatoa joto.

Hesabu ya kujua waya huo utatoa joto kiasi gani ilipatikana mwaka 1840. Aliyeipata alikuwa kijana wa miaka 21 asiye na shahada yoyote, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia. Jina lake James Prescott Joule.

Mtoto wa kiwandani

Joule alizaliwa Desemba 24, 1818 mjini Salford, jirani na Manchester. Utotoni mgongo wake ulikuwa dhaifu, hivyo masomo mengi aliyapata nyumbani. Baba yake alikuwa na uwezo, akampeleka yeye na kaka yake kufundishwa na John Dalton, mwanasayansi maarufu wa nadharia ya atomu. Masomo hayo yalikatika mwaka 1837 Dalton alipopata kiharusi.

Chuo kikuu hakwenda. Alifanya kazi kiwandani kwa baba yake, na muda wa ziada akautumia kwenye majaribio.

Swali lake la kwanza lilikuwa la kibiashara. Je, mota ya umeme inaweza kuchukua nafasi ya mashine ya mvuke kiwandani? Akapima, akapiga hesabu, akakuta hailipi. Zinki iliyoliwa ndani ya betri za wakati ule ilikuwa ghali na ilifanya kazi ndogo kuliko makaa ya mawe.

Mwingine angeishia hapo. Joule akageukia kitu kingine alichokiona: waya ukipitisha umeme unapata moto. Kwa nini, na kiasi gani?

Waya ndani ya maji

Alizungusha waya kwenye bomba la kioo, akautumbukiza kwenye chombo cha maji, akapitisha umeme na kusoma kipimajoto. Akarudia kwa nyaya tofauti na mikondo tofauti.

Jibu likawa hili: joto linategemea ukinzani wa waya, na linapanda kwa kipeo cha pili cha mkondo wa umeme. Yaani mkondo ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Ukiwa mara tatu, joto ni mara tisa.

Akaipeleka kazi yake Royal Society ya London, chama kikubwa cha wanasayansi. Wakachapisha muhtasari tu. Makala kamili ilitoka kwenye jarida jingine mwaka 1841. Heinrich Lenz, aliyekuwa akifanya kazi St Petersburg nchini Urusi, naye alifikia jibu hilohilo kwa njia yake.

Kanuni hiyo inakuhusu hata wewe. Ukichomeka pasi, birika na jiko la umeme kwenye ekstensheni moja, mkondo unaongezeka, lakini joto ndani ya waya wa ekstensheni linaongezeka kwa kasi zaidi. Nyumba huweza kuungua hivyo.

Kwenye sakafu ya mbao ni vilevile. Waya wa kupasha joto unakuja na urefu uliopimwa, na fundi haruhusiwi kuukata ili utoshe chumba. Akiukata nusu, ukinzani unapungua nusu, mkondo unakuwa mara mbili, na kila mita iliyobaki inatoa joto mara nne. Ndiyo maana huwekwa pia kidhibiti chenye kipimajoto sakafuni, ili uso wa mbao kwa kawaida usizidi nyuzi 27 za Selsiasi. Mbao zikizidi kupata joto hukauka, zinajikunja na kuachana.

Walimpuuza kwa miaka

Joule hakuishia kwenye umeme. Akaanza kusema kwamba joto si kitu kinachotiririka kama maji, kama wasomi wengi walivyoamini. Kwake, kazi inageuka kuwa joto, na kipimo chake hakibadiliki.

Mwaka 1843 alilieleza hilo kwenye mkutano wa wanasayansi mjini Cork, Ireland. Ukumbi ukakaa kimya.

Akatengeneza chombo chenye makasia madogo ndani ya maji, yakizungushwa na vitu vizito vinavyoshuka taratibu. Maji yalipata joto kidogo sana, sehemu ndogo tu ya nyuzi moja. Wengi hawakuamini kwamba mtu anaweza kupima tofauti ndogo hivyo. Lakini Joule alikuwa na vipimajoto bora vilivyotengenezwa Manchester, na mkono uliozoea kazi ya kiwandani, ambako kukosea joto ni kuharibu bia.

Juni 1847, mkutanoni Oxford, aliambiwa afupishe maelezo yake. Safari hii kijana mmoja alishtuka na kuanza kuuliza. Alikuwa William Thomson, ambaye baadaye alijulikana kama Lord Kelvin. Urafiki wao ulizaa kazi kubwa ya pamoja.

Mwaka huohuo Joule alimuoa Amelia Grimes. Thomson alisimulia baadaye kwamba alikutana na bwana harusi huyo milimani karibu na Chamonix, mkononi ana kipimajoto kirefu, anataka kupima kama maji ya maporomoko yanapata joto yakifika chini.

Furaha haikudumu. Amelia alifariki mwaka 1854, akamwachia watoto wawili wadogo. Joule hakuoa tena.

Heshima ilikuja

Mwaka 1850 Royal Society ilimpokea kuwa mwanachama, na mwaka 1870 ikampa nishani ya Copley. Lakini fedha zilimwishia. Mwaka 1878 serikali ilianza kumlipa pensheni ya pauni 200 kwa mwaka.

Alifariki Oktoba 11, 1889 mjini Sale. Mwaka huohuo wataalamu wa umeme waliokutana Paris walikipa kipimo cha nishati jina lake: jouli. Uniti moja ya umeme unayonunua ni jouli 3,600,000.

Kwenye kaburi lake imechongwa namba 772.55, jibu lake la mwisho kuhusu kazi na joto: uzito wa ratili moja (karibu nusu kilo) ukishuka futi 772.55 unatoa joto la kupasha ratili moja ya maji kwa nyuzi 1 ya Farenihaiti. Alianza kuitafuta namba hiyo akiwa na miaka 24, na kipimo hicho cha mwisho alikitoa akikaribia miaka 60.